Mama Hayumo Kwenye DVD

Kuna watu hukitafuta kisasi miaka na miaka, wakakipanga na kukipangua mpaka wakazeeka nacho. Cha Bisibisi kilikuja chenyewe dukani, asubuhi ya Jumamosi, kimevaa miwani ya jua na kuning'iniza begi zito begani. Kikasalimia, kikavuta kiti bila kukaribishwa, kikaanza kulalamikia joto.

Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mpiga video za harusi ambaye mji mzima ulimwita Lensi. Bisibisi naye jina lake alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kuchomeka bisibisi kwenye nywele zake kama wengine wanavyochomeka kalamu. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye duka jembamba lenye kaunta ya kioo mbele, na nyuma yake meza iliyotandikwa mpira, taa ya kukunjika na kisahani cha sumaku cha kuwekea skrubu zisipotee. Rafu zote zilijaa kibodi zilizokufa ambazo hakuwa na moyo wa kuzitupa.

Lensi alifungua begi akatoa laptop yake. Haikuwa ya zile nyembamba za kuonyeshana mgahawani. Ilikuwa laptop ya kazi nzito, nene, ya kuhariri video na michoro ya wahandisi, na ukiipakata muda mfupi tu mapaja yanakuungua. Akasema imekuwa nzito kuliko konokono: ukifungua harusi moja, unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inafikiria. Alitaka ile diski ya zamani ya kuzunguka itolewe, iwekwe ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Na ile trei ya DVD nayo itolewe, maana maharusi wa siku hizi hawataki tena DVD, wanataka video kwenye simu zao. Mahali pa trei iwekwe diski nyingine kubwa ya kuhifadhia kazi.

"Lakini vitu vyetu vyote vihamie salama, wifi," alisema. "Diski yetu ya nje ilikufa na hatujanunua nyingine. Kazi zote zimo humo humo. Zikipotea, sisi tumekwisha."

Sisi hiyo alikuwa yeye peke yake. Lensi alikuwa na tabia hiyo. Akiwa amekaa peke yake mezani, na njaa ni yake peke yake, atasema, sisi bado hatujala. Akiumwa jino, sisi hatujalala. Bisibisi aliichukia sisi hiyo kuliko hata ile miwani.

Akamjibu asiwe na wasiwasi, aje mchana kuichukua. Akamsindikiza mpaka mlangoni kwa tabasamu la duka. Aliporudi mezani alijikuta bado anatabasamu, na tabasamu hili halikuwa la duka. Ilikuwa furaha, ile furaha mbaya ambayo mtu hawezi kumsimulia mwenzake.

Sasa lazima ijulikane kilichokuwa rohoni mwake, maana mtu anaweza kudhani ni yale mambo ya mawifi tu, ya nani kaonja mboga ya nani. Hapana. Harusi ya Bisibisi ilirekodiwa na huyu huyu Lensi, kama zawadi kwa kaka yake. DVD ilipotoka, ina jalada zuri lenye picha ya maua, Bisibisi aliibeba mwenyewe mpaka kwa mama yake mzazi.

Mama alikuwa ameshona gauni la kijani kwa ajili ya siku ile. Miguu ilikuwa imemvimba kwa maradhi, viatu vyote vikamkataa, akaenda ukumbini na gauni lake la kijani juu na ndala chini, na hakujali, maana binti yake pekee alikuwa anaolewa. Siku ya kutazama DVD aliwaalika majirani wote. Sebule ilijaa, wengine wakaja na vigoda vyao. Yeye akakaa mbele kabisa, amelivaa lile lile gauni ili watu walinganishe.

Video ikaanza. "Ngojeni," akawaambia, "mimi naja baadaye kidogo." Ikafika kwenye keki. "Sasa ndiyo nakuja." Zikapita zawadi, zikapita hotuba, wakapita watu ambao hata Bisibisi hakuwajua, wapo tu wanatafuna. Ukaja muziki wa mwisho. Yakaja majina ya waliotengeneza. Mama wa bibi harusi hakuonekana hata kiwiko.

Mama akacheka kidogo, akasema basi atakuwa alikuwa jikoni muda huo. Watu wakaitikia kwamba ndiyo, atakuwa alikuwa jikoni, ingawa ukumbi ule haukuwa na jikoni. Akainuka kwenda kuwaletea chai, akakaa huko muda mrefu mno kwa mtu aliyekwenda kuchukua chai iliyokwisha kuiva. Gauni la kijani hakulivaa tena. Mwaka haukuisha, akafariki, na Bisibisi hakubaki hata na dakika moja ya mama yake akitembea au kusema neno.

Alimwendea Lensi akiwa amepandwa na hasira mpaka midomo imekauka. Lensi alitazama pembeni. "Tuliona tupunguze," alisema. "Ilikuwa ndefu." Na video zenyewe kabla hazijakatwa ziko wapi? Zilishafutika.

Siku hiyo mumewe alimkumbatia. Akamwambia dada yake ndivyo alivyo tangu utotoni, ana roho ngumu, amsamehe kwa ajili yake yeye mumewe. Na tangu hapo kila Jumapili Lensi alipokuja kula kwao pamoja na mama mkwe, mume alikuwa akimtupia Bisibisi jicho la upole juu ya sahani, jicho la kumshukuru kwa uvumilivu. Bisibisi alikuwa akimpakulia wifi yake chakula, akitabasamu. Kinyongo alikitunza vizuri sana. Alikilisha, kikanenepa.

Basi alifunga mlango wa duka kwa ndani, akageuza kibao cha kusema amefunga, akachomoa bisibisi kichwani.

Kazi aliifanya kwa utaratibu wake wa siku zote, kwa sababu hata anayetaka kuua mashine lazima kwanza aifungue. Alitoa betri. Akafungua skrubu moja chini yenye alama ndogo ya sahani ya DVD pembeni yake, akasukuma kwa kucha, trei ikatoka ubavuni taratibu. Diski kubwa mpya akaifunga kwenye fremu yenye umbo lile lile la trei. Kisha akabandua ule uso wa plastiki wa mbele ya trei ya zamani akauvisha fremu, ili mtu akiitazama laptop kwa nje asijue kwamba DVD haimo tena. Akapuliza vumbi kwenye feni. Akatoa diski ya zamani, akaweka SSD mahali pake. Ile ya zamani, yenye harusi zote za mji, akaiunganisha kwa waya pembeni, ikawa inanguruma kama paka mzee.

Akawasha. Programu ya kunakili ikafunguka na masanduku yake mawili. La kwanza linauliza: kutoka wapi. La pili: kwenda wapi.

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya kazi. Ukiyageuza masanduku hayo, ukaweka diski tupu kwenye kutoka na iliyojaa kwenye kwenda, mashine haitakugombeza. Itachukua utupu na kuumwaga juu ya kila kitu, kwa bidii ile ile. Mafundi wanalijua kosa hilo na hakuna anayemcheka aliyelifanya. Humpa pole kama mfiwa. Ni kosa safi. Hakuna ndugu wala hakimu awezaye kuliita kisasi.

Bisibisi aliyageuza.

Alishakwisha kuandaa na uso wa kumpokelea Lensi. Angeshika kifua. Angesema wifi yangu, sijui nikuambie nini, ni bahati mbaya. Na kama Lensi angelia, angemletea maji ya kunywa, na angemwambia kwa sauti ya upole kabisa: tuliona tupunguze. Kuhusu maharusi wengine waliokuwa humo, wasio na hatia yoyote, aliwafikiria kidogo tu. Wakizitaka sana video zao, waoane tena.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kilichomzuia ni uroho. Aliona akibofya hivi hivi atakuwa amepata nusu ya utamu. Alitaka kwanza kuziona kwa macho harusi anazozifuta, azitazame zikiwa hai. Akafungua diski ya zamani. Folda zilijipanga, kila moja na jina la bwana na bibi. Akashuka nazo polepole, anazitazama kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja, mpaka chini kabisa akakuta moja isiyo na jina la bibi. Iliandikwa KAKA, HAIJAKATWA.

Damu ikampanda kichwani. Kumbe hazikufutika. Mwanamke yule alikuwa nazo miaka yote, anakuja kula wali wake na kunyoosha miguu sebuleni kwake, na mama yake yumo kwenye begi.

Akavaa spika za masikioni, akafungua video ya kwanza. Maua. Ya pili, watu wanashuka kwenye magari. Ya tatu, mama.

Mama alikuwa amekaa meza ya mbele, gauni la kijani, sahani ya chakula imewekwa mbele yake na bado hajaigusa. Alikuwa akitazama upande waliokaa maharusi, anatikisa kichwa kidogo kwa muziki, anajipangusa jicho kwa kidole kisha anakiangalia kidole kama kwamba amekishangaa. Bisibisi alishika mdomo. Halafu, katikati ya machozi, akaona jambo asilolitarajia: aliyeshika kamera hakuwa na haraka. Alimsogelea mama taratibu, akamzunguka, akautafuta upande wenye mwanga mzuri. Hakuna anayemrekodi hivyo mtu asiyempenda. Picha ikashuka mpaka kwenye ndala, ikapumzika hapo, ikapanda tena usoni.

Ndipo sauti ya mwanamume ikaja karibu kabisa na kamera.

"Huyo mama asionekane kwenye video."

"Nani, mama mkwe wako?" Huyo alikuwa Lensi.

"Hujaona miguuni? Ndala. Video hii naipeleka kwa bosi, wataitazama kazini. Kata kila mahali alipo."

"Kaka, huyu ndiye mama wa bibi harusi."

"Nimeshasema. Mke wangu akiuliza, mwambie umepunguza."

Bisibisi alizitoa spika masikioni akazitazama, kama mteja anayedhani ameuziwa mbovu. Akazirudisha. Akasikiliza tena. Sauti ile aliifahamu kuliko yake mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi, ndiyo iliyomwambia msamehe dada yangu, ana roho ngumu.

Tuliona tupunguze. Miaka yote hiyo alidhani ni ile sisi ya maringo, kumbe mara ile moja ilikuwa ya kweli, ya watu wawili, na yeye akamchukia mmoja akamwachia mwingine mto wa kulalia.

Alikaa. Hasira haikumtoka. Watu husema mtu akigundua amemkosea mwenzake moyo hulainika. Wa Bisibisi haukulainika hata kidogo. Hasira aliyoilea muda wote huo ilikuwa imekwisha kuwa kubwa, ilitaka mahali pa kwenda, na mahali palikuwepo. Ilikunja kona tu. Lile jicho la upole la Jumapili ndilo lililomchoma kuliko hata maneno ya kwenye video. Mtu anakukata, kisha anakushukuru kwa kutopiga kelele.

Akayarudisha masanduku: kutoka diski ya zamani, kwenda diski mpya. Akasoma mara mbili, akabofya. Wakati harusi za mji zinahamia salama, alichukua flashi kutoka kwenye droo, akanakili humo ile video moja.

Lensi alirudi mchana. Laptop ikawaka kabla hajavua miwani, akafungua harusi moja, ikafunguka papo hapo, akacheka kama mtoto. Akaanza kusema sisi leo tutalala vizuri. Bisibisi aligeuza kioo cha laptop, akafungua ile folda, akasimamisha picha pale mama anapojipangusa jicho.

Lensi alivua miwani. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko Bisibisi alivyowahi kuuona, au labda hakuwahi kuutazama.

"Nimeisikia sauti," alisema Bisibisi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa ndiyo kwanza umeolewa, wifi. Nikasema, akinichukia mimi, ananichukia Jumapili tu. Akimchukia yeye, atamchukia kila siku na kitandani yumo."

"Na video? Mama yangu amekufa, unaniambia zimefutika."

"Ningekupaje, sauti si imo? Nilijaribu kuitoa sauti nikupe picha tupu. Nikaona nitakuwa nimemkata mara ya pili." Akaigeuza miwani mkononi. "Nikashindwa kuifuta, nikashindwa kukupa."

Bisibisi alimtazama wifi yake. Alitaka kumshukuru na alitaka kumpiga kofi, na yote mawili yalikuwa ya haki.

"Hukupaswa kunichagulia wa kumchukia," alisema.

Lensi akaitikia kwa kichwa. Akaifunga laptop taratibu, akauliza kama atamwambia kaka yake.

"Sitamwambia neno. Kesho usichelewe kula."

Jumapili walikula kama kawaida. Mama mkwe aliketi kwenye kochi lake la karibu na dirisha, mume kichwani mwa meza, Lensi pembeni na bila miwani. Mume alikuwa mchangamfu, anasimulia vituko vya kazini, anajicheka mwenyewe kabla hajamaliza. Bisibisi alipompakulia Lensi, mume akamtupia lile jicho lake la upole. Safari hii Bisibisi alilipokea, akalirudisha hivyo hivyo, tamu kabisa, mpaka mume akaona fahari.

Vyombo vilipoondolewa, Bisibisi alisema amepata kitu dukani angependa waone wote. Akachomeka flashi kwenye runinga. Akasimama kando yake, rimoti mkononi.

Gauni la kijani likajaa kwenye kioo.

Mama mkwe alijivuta mbele. "Ni marehemu huyu," alisema kwa furaha. "Tazama alivyopendeza siku ile. Kwa nini hatukuwahi kumwona?"

Mume alikuwa ameacha kucheka lakini mdomo ulikuwa bado umebaki wazi. Picha ikashuka mpaka kwenye ndala, ikapumzika. Ikapanda. Bisibisi akaongeza sauti.

Ilipita yote. Huyo mama asionekane. Hujaona miguuni. Mwambie umepunguza. Maneno machache tu, yakasikika vizuri mpaka barazani. Mama mkwe alimgeukia mwanawe polepole, akamtazama, kisha akatazama miguu yake mwenyewe, nayo ilikuwa imeanza kuvimba siku za karibuni, akairudisha ndani chini ya kochi.

"Mke wangu," mume alisema. Akanyoosha mkono kuomba rimoti. "Zima, tuongee."

Bisibisi hakuzima. Kwenye kioo, mwanamume alikuwa ameshakwenda zake, lakini Lensi siku ile hakuiondoa kamera. Alimwachia mama muda wote, hakuna muziki wala maneno, na mama akavuta sahani karibu, akachukua kijiko.

"Nakuomba," mume alisema tena. Alikuwa ameinamisha uso, anatazama kitambaa cha meza. "Zima."

"Mama anakula," Bisibisi alisema. "Mwache amalize. Na inua uso umtazame."

Akainua. Wakabaki hivyo wote wanne, hakuna aliyesogeza kiti. Mama yake alikuwa mlaji wa taratibu sana, na sahani bado ilikuwa imejaa.